Msumeno wa mzee wa Amukura

Leo nimejikosesha mashine kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilienda Amukura kununua mashine ya zamani ya kupasua mbao. Mzee mwenyewe alishafunga karakana, anaiuza kama chuma kuukuu.

"Dada, hiyo ilikufa. Inachoma mbao, haikati."

Nikainama. Msumeno ulikuwa umefungwa kinyume, meno yanaangalia nyuma.

Ningenyamaza, si ndio? Wewe ungenyamaza?

Nikaomba spana, nikaugeuza, tukawasha. Ubao wa mvule ukapasuka kama mkate.

Mzee akaupapasa ule ubao. "Kumbe ni macho yangu, si mashine."

Sasa hauzi tena.

Na mimi simwachi. Nimemwambia, "Mzee, wewe una mashine, mimi nina macho. Kesho saa moja niko hapa."

Akaniangalia. "Kuja na ovaroli."