Kwa Mushagalusa, Hakuna Bunduki "Isiyo na Kitu"

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Walinzi sita wa wanyama pori wanashuka kwenye kamyo mbele ya kituo chao kidogo, pembeni mwa Goma, njia ya Kibumba. Wamekaa porini siku tisa na kila mmoja anawaza uji na godoro. Lakini mlangoni mwa ghala la silaha amesimama mzee mfupi anayechechemea, Mushagalusa Cirimwami, na habanduki.

"Kwa pipa kwanza," anasema. "Nyumba zenu hazitakimbia."

Ni pipa la mafuta lililolazwa mshazari, limeshindiliwa mchanga laini wa ziwani, mdomo umefunikwa kipande cha tairi chenye tundu. Mlinzi anaingiza mtutu tunduni, anatoa magazini yenye risasi, anavuta komeo nyuma, anachungulia, anatia kidole ndani, kisha anafyatua. Ikilia "ta" kavu, bunduki inapokelewa. Kama kuna risasi iliyosahaulika, inaishia mchangani.

Mushagalusa, mwenye umri wa miaka hamsini na tatu, alitoka upande wa Bukavu kuja kuwa mlinzi. Mwaka 1972 mwenzake alielekeza mtutu chini ili aondoe risasi, akafyatua kumbe moja imebaki.

"Hapa kwetu udongo njo majiwe, mawe matupu," anasema akipapasa goti. "Risasi ilipiga jiwe la volkano, ikarudi, ikanikuta mimi. Miezi mitano hospitali. Nilijua kazi imekwisha."

Haikwisha. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimkabidhi ufunguo wa ghala badala ya barua ya kumwachisha kazi. "Yule mukubwa nitamushukuru mpaka siku ya kufa," anasema, na husema hivyo kwa kila anayemuuliza.

Aliomba kitu kimoja tu, pipa kuukuu. Wenzake wakamtania kwamba anataka kupika pombe. Kwanza alilijaza changarawe nyeusi ya barabarani, halafu akashtuka kuwa anatia humo mawe yale yale yaliyomrudishia risasi gotini. Akamwaga yote, akaenda ziwani. Alibeba mchanga kichwani, beseni arobaini, kwa mguu ule ule mbovu.

Kwa karibu miaka saba, bunduki ishirini na tatu za kituo zilipita hapo kila safari na pipa halikumeza hata risasi moja. Watu wakaanza kuliona kama ukaidi wa mzee tu. Mwenyewe naye, anakiri, alianza kuchoka.

Mwezi Machi mwaka huu wa 1979, mlinzi Kamate alirudi kutoka porini akaambiwa kwamba mkewe, Mwavita, amejifungua. Alikimbilia ghalani, akanyoosha bunduki juu ya meza ili aikague na kuifyatua hapo hapo, mtutu ukimtazama mzee kifuani.

"Muzee, haina kitu. Niachilie, nimepata mutoto."

Mushagalusa alisogea pembeni. "Mutoto atakungojea. Kwa pipa."

Kamate akaenda akinung'unika, na kwa haraka yake akavuta komeo kabla ya kutoa magazini. Hapo risasi ikapanda kutoka magazini, ikaingia mtutuni. Akatoa magazini, hakuchungulia, akafyatua. Bunduki ikalia, pipa likatikisika. Kamate akakaa chini akalia kwa sauti, wala hakuna aliyemcheka.

Baada ya siku nane Mwavita alikuja na mtoto mgongoni na kikapu cha viazi.

"Papa, kama ungemuachilia, leo wewe uko mu kaburi, na bwana yangu iko mu prison," alimwambia. "Na huyu mutoto angebaki na nani?"

Mushagalusa anafuta macho anapolisimulia hilo. "Miye njo nilimushukuru. Nilikuwa nafikiri ninachunga mchanga wa bure."

Mwakani anastaafu. Kabla ya kwenda kulima anataka pipa la pili lipelekwe kwa walinzi wa kituo cha Vitshumbi, na la hapa limpate mtu wa kulitunza. Kamate ameliomba. Baadhi ya wenzake wanaona ajabu kumpa mtu yule yule aliyekosea.

"Wengine wote wananitii kwa sababu miye ni muzee," anasema Mushagalusa. "Kamate alisema haina kitu, akasikia ikilia. Huyo atachungulia hata siku miye siko. Ufunguo nitamupa yeye."