Mtamba Asiyehesabiwa

Ngazi za jengo letu hapa Najma, ughaibuni ninakofanya kazi, husafishwa kila Ijumaa asubuhi kwa dawa nyeupe yenye harufu kali. Kila nikiipita harufu hiyo nikielekea kanisani Mesaimeer, maana huku mapumziko na ibada ni Ijumaa, najikuta nina umri wa miaka tisa tena, nimeshika kamba ya ng'ombe kwenye boma la nyanya huko Kenya, mvua ya masika ikininyeshea kichwani. Ndivyo alivyonukia daktari wa mifugo siku aliyokuja kwetu kwa pikipiki, nyuma amefunga mtungi unaofuka moshi wa baridi. Sisi watoto tulidhani amebeba jiko.

Alitoka kituo cha utafiti. Alieleza kwa upole kwamba mtungini mna chanjo ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe uliokuwa ukitumalizia mifugo. Kila ng'ombe angedungwa, angevishwa hereni ya manjano sikioni, na wataalamu wangefuatilia afya yake. Alitaka kitu kimoja tu, idadi yao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kwetu mtu hataji idadi ya ng'ombe wake mbele ya mgeni. Ukiitaja, umewaitia mauti. Nyanya alikuwa nao wanne. Asubuhi hiyo, aliposikia daktari yuko kijijini, alimpeleka Madoa kwa jirani ng'ambo ya kijito, akarudi akakaa kwenye kigoda kama hajui lolote.

Madoa alikuwa mtamba wangu. Nyanya alinipa siku alipozaliwa, nami nilimlisha majani ya viazi kwa mkono wangu. Nilitaka adungwe. Nilitaka pia asihesabiwe. Sikujua nilitaka nini.

"Ni hao watatu tu?" daktari aliniuliza mimi, labda akidhani watoto hawajui kudanganya.

Nilimtazama nyanya. Hakunikonyeza wala hakunikunjia uso.

"Ni hao tu, daktari," nikasema.

Kabla masika hayajaisha, Madoa, ambaye alikuwa amerudishwa nyumbani, akaanza kukohoa. Tezi zilimvimba chini ya masikio, akakataa hata majani ya viazi, na siku ya tano hakuamka. Nililia mpaka nikashikwa na homa. Wale watatu wenye hereni walikuwa wamelala wakicheua, wazima kabisa. Kwangu jambo lilikuwa wazi: aliyefichwa ndiye aliyekufa. Kwa nyanya nalo lilikuwa wazi.

"Ningewaficha wote," alisema. "Mauti iliitwa hapa nyumbani, ikamchukua asiye na alama."

Daktari aliporudi kuwakagua watatu wake, alikuta ngozi imewambwa juani, akauliza ni ya nani. Nyanya akasema ni ya jirani. Daktari aliitazama kwa muda, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye daftari lake, na mpaka leo sijui aliandika nini. Nilitaka kumkasirikia mtu, sikujua nimkasirikie nani, nikaenda kujificha kwenye mahindi.

Sasa mimi ni muuguzi, na kutwa nzima kazini nawauliza akina mama wana watoto wangapi ili niwachanje. Wapo wanaosita kabla ya kujibu, nami husita pamoja nao. Ijumaa iliyopita, nikitoka kanisani, nilikuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Ulitoka kwa afisa wa mifugo wa kule nyumbani, binti mdogo tu kwa sauti yake. Alisema nyanya amemwambia ng'ombe ni watatu, lakini kaka yangu amemwelekeza kwangu, kwa kuwa wengine ni wangu. Chanjo inakuja wiki ijayo. "Dada, kwa jumla ni wangapi?"

Nilisimama juani hapo Mesaimeer mpaka simu ikapata moto mkononi. Niliandika watatu, nikafuta. Nikaandika watano, ambao ndio ukweli, nikatuma kabla mkono haujabadili nia. Tangu siku hiyo nampigia kaka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Huniambia wote ni wazima. Nami humkatiza haraka, asije akataja idadi.