Mkeka wa Jamidah kwenye Rangi ya Kijani

Jamidah hawapendi watu wa baraza la mji, na hajawahi kuficha. Kanyatembe nzima, huu mji wetu mdogo kwenye barabara ya kutoka Kasese kwenda Bwera, inajua kwamba wakipita na mafaili kwapani yeye hutema mate pembeni na kuendelea kukoroga chungu. Walimtoa stendi ya zamani, akahama. Walimtoa sokoni walipojenga ukuta, akahama. Mumewe alipokufa alimwachia kibaraza kimoja kando ya barabara, na Jamidah akaapa kwamba hapo atatolewa kwa jeneza.

Anapika wali na samaki wa Kahendero, na wanaomlisha yeye ni wasukuma baiskeli. Hawa baiskeli zao hawazipandi. Ikishabeba mikungu ya matoke na magunia ya kahawa ya Kyarumba, itapandwa wapi? Inasukumwa, tena kwa jasho. Msukuma akichoka huiegemeza kwenye gongo lenye panda, na macho yake hayatoki pale, maana mzigo ukianguka au ukiguswa na mwizi, safari imekufa. Kwa hiyo haingii ndani ya hoteli ya mtu. Na ndani kwa Jamidah kwenyewe ni kachumba keusi kwa moshi. Watu hula nje, kwenye mabenchi, mkono kwenye sahani, jicho kwenye mzigo. Ondoa mabenchi, msukuma hasimami. Asiposimama, Jamidah na apindue chungu akalale.

Basi baraza likakaa, likaamua mambo mawili kwa mara moja. Mbele ya maduka ipakwe rangi ya kijani, iwe njia ya baiskeli. Halafu kila anayelisha watu nje alipie ada ya meza na viti. Rangi ikapita chini ya mabenchi ya Jamidah, kwa hiyo hata angelipa, kibali asingepewa. Ng'ambo ya barabara kuna lodji ya kansala Tumwesigye, aliyelileta jambo lenyewe kikaoni. Huko rangi haikufika. Miavuli ya meza zake za nje ikabaki imefunguka.

Jamidah alikwenda kwenye mkutano wa wananchi, akasimama bila kuitwa.

"Kansala, hao waendesha baiskeli uliowachorea njia ni nani?"

"Ni wageni watakaokuja, Mama. Watalii. Mji unakua."

"Unakua upande wako tu?"

Watu walicheka. Tumwesigye hakucheka. "Keti chini, Mama. Mambo ya mipango ya mji hayapikwi kwenye chungu."

"Lakini wewe ulipikwa humo. Kabla ya lodji ulikula kwangu, na mifupa ulikuwa unalamba."

Wiki ile ile wakachukua mabenchi. Aliyetumwa ni Shakib, askari wa baraza, mtoto wa kaka yake Jamidah mwenyewe. Mama yake alipofariki, mtoto huyu alikulia kwa Jamidah, akila sinia moja na watoto wake. Sasa alikuja amevaa buti na kofia, akapakia mabenchi kwenye pikapu bila kumtazama usoni.

"Shangazi, mimi natumwa tu."

"Hata mbwa anatumwa. Pakia."

Kesho yake Jamidah alitoa mkeka mkubwa wa mumewe, ule wa siku za Idi, akautandika juu ya rangi ya kijani. Akaweka sinia katikati, birika na beseni pembeni. Kanuni yao ilisema meza na viti, mkeka haikuutaja. Wasukuma wakavua viatu, wakanawa, wakazunguka sinia. Ezironi, Mkristo wa Kyarumba, alihangaika kuzivua gambuti zake za mpira mpaka akakaa chini.

"Mama, leo umenisilimisha kwa wali!"

"Nyamaza ule. Na soksi hizo ziweke mbali, samaki wasife mara ya pili."

Ndipo Shakib akafika tena. Kansala alikuwa ameona kutoka ng'ambo.

"Shangazi, ondoa."

"Unaona kiti hapa? Unaona meza?"

"Nimesema ondoa!"

Akanyoosha mkono kulichukua sinia, na mguu wake ukatangulia. Buti likakanyaga mkeka, katikati ya watu wanaokula. Mtoto aliyelelewa juu ya mkeka ule ule! Mikono yote ikasimama. Msukuma mmoja wa Kongo akasema polepole, "Huyu mutu iko na mama kweli?" Shakib alisikia. Uso ulimshuka, lakini mguu hakuutoa. Akalisukuma sinia pembeni, watu wakainuka, akakunja mkeka, akaenda nao. Jamidah alichukua birika akawanawisha wateja wake mmoja mmoja, kama kawaida ya mwenyeji wageni wanapomaliza, na kwa Shakib hakugeuka.

Siku ya kufungua njia, wakubwa walikuja kutoka Kasese na baiskeli mpya zinazong'aa. Tumwesigye alikuwa mbele, amevaa kofia ya plastiki kama kobe. Walipofika mbele ya kibaraza, walikuta hakuna pa kupita. Wasukuma walikuwa wamepanga baiskeli zao juu ya rangi, moja nyuma ya nyingine, kila moja na mzigo wake na gongo lake. Sahani za Jamidah zilikuwa juu ya magunia, na watu wanakula wamesimama.

"Toeni vitu hivi!" akafoka Tumwesigye. "Hii ni njia ya baiskeli!"

"Na hizi ni nini, kansala?" Ezironi akauliza, mdomo umejaa. "Mbuzi?"

Wakubwa waliteremka, wakakokota baiskeli zao barabarani kati ya malori. Mmoja alikanyaga tope, na watu wakashangilia.

Rangi bado ipo. Kila mchana baiskeli zimesimama juu yake, sahani juu ya magunia, na askari mmoja alipojaribu kuusukuma mzigo, ulimwangukia mguuni, akachechemea mpaka Ramadhani. Tangu hapo wanapita mbali. Jamidah hakupewa kibali, na hajaomba.

Shakib alikuja jioni moja, bila kofia, mkeka umekunjwa begani. Alivua buti tangu barabarani, akasimama peku.

"Shangazi, nimeufua."

Jamidah alikuwa anaosha masinia. Aliutazama mkeka, akaitazama miguu yake mitupu.

"Siku ile ndiyo ulikuwa uvue," akasema. "Nenda nao. Wangu nimeshanunua Bwera."

Chungu kilikuwa bado na wali, harufu yake inatoka mpaka barabarani. Jamidah akakifunika, akaingia ndani, akafunga mlango.