Waholanzi Walioitikia Karibu ya Bayumi

Bayumi alikuwa na ulimi uliokaribisha wenyewe, bila kumwomba ruhusa. Awe anakula, anakunywa chai au anajifuta jasho tu, mtu akipita: "Karibu! Wallahi lazima! Njoo nyumbani Ijumaa, Mama Nawal anapika njiwa!" Alishamkaribisha mkaguzi wa tramu. Alimkaribisha daktari aliyemng'oa jino, pamba ikiwa bado mdomoni. Siku moja alikaribisha msafara wa jeneza, mpaka wabebaji wakamjibu, "Mungu akuzidishie, ndugu, tuna safari."

Miaka yote hiyo, hakuna mguu wa mgeni uliopanda ngazi zake kule mtaa wa Shubra kwa ajili ya karibu hizo. Si kwamba alikuwa mchoyo. Kairo nzima inajua utaratibu: anayekaribisha anakaribisha, anayekaribishwa anashika kifua na kushukuru, kila mtu anaenda zake na heshima yake, na njiwa anabaki hai.

Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa mpira wa kikapu wa klabu moja ya mjini: kufagia mchanga, kumwagia maji, kupiga mistari kwa chokaa. Mei ya mwaka 1949 yakaja mashindano ya timu za mataifa ya Ulaya, na klabu ikapewa Waholanzi wafanyie mazoezi pale. Jinsi Misri ilivyojikuta Ulaya ni swali la wenye ramani. Bayumi hakuwa na ramani, alikuwa na fagio.

Jumatano mchana alikuwa amekaa kivulini na maharage yake, kitunguu na mkate. Kocha wa Waholanzi, Kornelis, akapita pamoja na mkalimani Yanni, ambaye Kairo ilimwita Khawaja kama inavyomwita kila mtu wa asili ya Ulaya. Ulimi ukamtoka Bayumi.

"Karibuni! Wallahi lazima! Ijumaa nyumbani kwangu, timu nzima, Mama Nawal anapika njiwa!"

Sasa huyu Yanni alikuwa Mgiriki wa kuzaliwa Kairo, anayejua vizuri karibu ya mdomo na karibu ya chungu. Angeweza kumwambia kocha, "Anawasalimu," yakaisha. Lakini Jumamosi Waholanzi walikuwa wanakutana na Wagiriki, na Yanni akaona kwamba njiwa aliyejazwa ngano ni mlinzi bora kuliko wote waliokuwa kwenye timu ya kwao. Akatafsiri neno kwa neno. Akaongeza na chumvi.

Kornelis akavua kofia, macho yakamlowa kidogo, akasema kitu.

"Anauliza saa ngapi," Yanni akasema.

"Saa ngapi nini?"

"Chakula."

Bayumi akacheka. "Mcheshi huyu mzee!"

"Hachekeshi, Bayumi. Mtazame."

Bayumi akamtazama. Akakiweka kitunguu chini. Ijumaa! Ijumaa ndiyo siku ambayo Haji Dasuki, muuza dengu, alikuwa anakuja na mwanawe Mukhtar kumposa binti yake Nawal na kusoma Fatiha ya kufunga posa. Na Haji Dasuki hakuwa mtu wa kuchezewa. Alishavunja posa mbili za huyo huyo Mukhtar, zote kwa kubishania mahari na samani kuanzia mchana hadi magharibi, mpaka wazazi wa binti wakachoka wakamfungulia mlango atoke. Nawal alikuwa amemwambia baba yake waziwazi: "Baba, nikimkosa Mukhtar siolewi. Nitakaa humu humu nikikupikia maharage mpaka nikuzike." Na Nawal alikuwa mpishi mbaya.

"Khawaja, mwambie nina msiba."

"Watakuja kukupa pole."

"Mwambie nimekufa!"

"Watakuja kuzika. Watu wa adabu hawa," Yanni akasema, akaondoka akipiga mluzi.

Kufuta karibu? Hilo hata maneno yake hayapo. Bayumi akaficha jambo hilo hadi Alhamisi usiku, aliporudi nyumbani akamkuta mkewe sakafuni, manyoya ya njiwa yamemjaa mapajani.

"Mama Nawal, kuna watu wawili watatu watapita kesho."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili. Na kocha."

Mkewe akaacha kunyonyoa. "Umewakaribisha?"

"Niliwaambia karibu tu!"

"Na wao wakakubali? Watu gani wanakubali? Hawana mama?"

"Ni Waholanzi."

"Wakubwa?"

"Unalijua kabati la mama yako? Mdogo wao ni lile."

Mama Nawal alimtazama muda mrefu, kwa jicho la mtu anayechagua kati ya njiwa na mume nani anyonyolewe. Halafu akasema, "Haji kaambiwa baada ya swala, na kwa Haji hiyo ni saa tisa. Hao watakuja saa ngapi?"

"Saa saba. Khawaja kawapangia."

"Basi nitawapa wali na mlenda, wale kidogo, washukuru, wasepe. Njiwa hawaguswi. Umesikia, Baba Nawal? Njiwa ni wa mahari."

Ijumaa, saa saba kamili, mlango ukagongwa. Si saa saba na kitu. Kamili. Bayumi hajawahi kumsamehe mtu yeyote kwa jambo lile. Wakaingia wameinama mmoja mmoja, kila mmoja na ua mkononi kwa ajili ya mama mwenye nyumba, Yanni nyuma yao. Wakakaa sakafuni kuizunguka meza ya miguu mifupi, magoti yakiwa usawa wa masikio. Mrefu kuliko wote, kijana anayeitwa Joost, alilazimika kuitoa miguu yake mlangoni, na jirani wa juu akawa anairuka akipanda ngazi.

Wali ukaletwa. Wakala, sahani zikawa nyeupe. Mama Nawal akajaza tena, maana sahani nyeupe kwake ni aibu: mgeni aliyeshiba huacha kidogo. Wakamaliza. Akajaza. Wakamaliza. Wao wanameza kwa taabu, yeye anapakua kwa hasira, na hakuna anayeweza kuacha.

"Hawa wana mifuko miguuni!" akamnong'oneza mumewe. "Bwana Yanni, waambie waache hata punje!"

Yanni akauliza. Joost akajibu taratibu, akiwa mwekundu. Na Yanni, kwa mara ya kwanza wiki ile, hakutabasamu.

"Anasema hawawezi kuacha chakula. Majira ya baridi ya mwisho ya vita mama yake aliwachemshia vitunguu vya maua. Yale maua ya bustanini. Kuna mdogo wake hakuvuka baridi ile."

Mama Nawal akafuta mikono kwenye gauni. Akaingia jikoni, akatoka na njiwa. Wote. Akampakulia Joost wawili kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Nawal," Bayumi akasema kwa sauti ndogo, "mahari..."

"Nyamaza. Huyu ni mtoto."

Saa tisa Haji Dasuki akapanda ngazi na kanzu yake ya hariri, Mukhtar nyuma yake. Akairuka miguu ya Joost, akaingia, akaona majitu kumi na matatu na mlima wa mifupa. Hakuuliza. Alikaa kwenye kiti alichoachiwa akaweka fimbo katikati ya magoti, uso wa mtu aliyekuja kubishana hadi magharibi na ameliacha tumbo tupu kwa kazi hiyo.

Mama Nawal alikuwa ameshakaanga mayai, ndiyo yaliyobaki. Bayumi akayaleta.

"Karibu, Haji. Wallahi lazima."

"Hapana, hapana," Haji akasema, mkono kifuani, kama inavyotakiwa. "Tumeshakula. Mungu akuzidishie."

Hapo Bayumi alitakiwa kuapa, kumshika mkono, kuapia talaka ya mkewe kama Haji hataonja, na Haji akatae mara ya pili, na ya tatu, halafu ale. Lakini Bayumi hakuwa tena na nguvu ya kumkaribisha mtu yeyote duniani.

"Alhamdulillahi," akasema, akalirudisha sinia jikoni.

Macho ya Haji yakalifuata sinia. Tumbo lake likanguruma, na Kornelis, kwa adabu, akatazama dari. Kusema "niliongopa, nina njaa" Haji hawezi, hata mbele ya malaika mtoa roho. Kuondoka bila neno hawezi. Kubishana hadi magharibi bila kitu tumboni ndiyo kabisa.

"Mahari," Bayumi akaanza, akiwa tayari kwa vita.

"Useme wewe," Haji akakata.

Bayumi akataja kiasi ambacho alikusudia kuanzia nacho tu.

"Nimekubali."

"Na samani za chumba..."

"Juu yangu. Tusome Fatiha, bwana, tusome!"

Viganja vikainuliwa. Waholanzi, wakidhani ni jambo la timu, wakainua pia, na Joost akagonga taa. Nyuma ya pazia Nawal alipiga kigelegele kabla hata amina haijatoka.

Dakika chache baadaye alikuwa dirishani, kiganja mdomoni kuzuia kicheko. Chini mtaani Haji Dasuki alisimama kwenye kigari cha bajia, kanzu ya hariri ameikunja hadi kiunoni, anakula kwa mikono miwili, na Mukhtar, posa mkononi, anamshikia kachumbari.