Shangazi wa Mionzi

Tangu nirudi Kariakoo kutoka masomoni, watu wa nyumbani walikuwa wananiangalia kwa jicho la pembeni. Nikimuulizia mtoto wa kaka yangu, mara ananyonya, mara kalala, mara kuna upepo. Mtoto gani huyo ananyonya kila ninapoingia? Nilijua kuna jambo.

Arobaini yake ikakaribia. Kwetu, siku hiyo shangazi ndiye anayemtoa mtoto nje mara ya kwanza, na shangazi ni mimi peke yangu. Nikasikia kwa mpangaji wetu kwamba ameitwa binamu wa Mbagala aje kusaidia. Kusaidia nini? Kubeba kichanga kunataka watu wawili? Damu ilinichemka.

Siku ya shughuli, wanawake wakiwa uani wanachambua mchele wa pilau, nikamuuliza mama mbele yao. Akajiumauma, mwisho akasema wamesikia ninafanya kazi na mionzi.

Nikawaeleza kwamba kazi yangu ni hesabu tu, kwenye kompyuta. Huko ughaibuni kuna mitambo inayojaribiwa ili siku moja itoe umeme. Ndani yake kuna gesi yenye joto kuliko jua, inazuiwa kwa sumaku isiguse kuta. Lakini chembe ziitwazo nyutroni hazizuiliki kwa sumaku. Zinaupiga ukuta, zinazisukuma atomi za chuma kutoka mahali pake, na polepole chuma kinakuwa cha kuvunjika kama biskuti. Mimi nakadiria kitadumu muda gani. Chuma chenyewe sijawahi hata kukigusa.

Ningeishia hapo. Lakini nikanogewa, nikaongeza kwamba ubaya wake kwa nje huoni kitu. Chuma kinang'aa, kumbe ndani kimeshaharibika.

Mikono ikasimama kwenye nyungo. Wote wakanitazama toka kichwani hadi miguuni, nami siku hiyo nilikuwa nimependeza kwelikweli.

"Wifi," mke wa kaka akasema taratibu, "kwani wewe ulishapimwa?"

Nikasema sijapimwa kwa sababu hakuna cha kupima. Nilisikia mwenyewe jibu lilivyotoka vibaya. Mama akaona aibu, akaingia chumbani, akamleta mtoto na kuniwekea mikononi.

"Shangazi yake yupo," akasema. "Nani mwingine amtoe?"

Nikatoka naye hadi barazani, roho imetulia kidogo, wao wakinifuata nyuma. Ng'ambo ya barabara muuza viatu alikuwa anakung'uta vumbi kwenye bidhaa zake. Mtoto akapiga chafya.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnyakua.