Kiti cha Aliyetoka Chini

"Ukaguzi wa Utulivu wa Mwili Kabla ya Kuendelea na Majukumu" maana yake ni kutembea juu ya mstari wa chokaa bila kuyumba. Juzi niliushuhudia kwenye kiofisi cha mgodi mdogo, Geita. Televisheni ilikuwa ikionyesha wanaanga waliorudi duniani wakibebwa kwenye viti, na ofisa usalama, kijana mpole, akawahurumia.

"Masikini! Masikio, yanayoshika mizani ya mwili, yamesahau juu na chini. Wakigeuza kichwa, hata macho hayatulii."

Akaingia mchimbaji wa makamo, ndiyo kwanza amevutwa kutoka shimoni kwa kamba iliyomzungusha njia nzima. Akayumba.

"Shikamoo, mzee. Umelewa. Macho yanacheza. Nakusimamisha kazi mpaka utembee kwenye mstari bila kuyumba."

"Marahaba. Sijalewa, nimezungushwa na kamba yenu. Wale pale nani kawatembeza kwenye mstari?"

"Wale wametoka angani!"

"Na mimi nimetoka ardhini. Sitembei mpaka nipate kiti."

Kumbe kwetu ukitoka juu ukayumba ni sayansi, ukitoka chini ni pombe.

Kiti kilikuwa kimoja tu, cha ofisa. Mzee alikikalia mpaka macho yakatulia, akatembea kwenye mstari bila kuyumba, akarudi kazini.