Benchi la Mlangoni

Mama Pasi alikuwa dobi, na kitambaa cha meza ya Bwana kilipita mikononi mwake kila Jumamosi. Alikifua, akakitia wanga, akakinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka kikakakamaa. Kesho yake kitambaa kiliingia kanisani kwa heshima zote, kikatandikwa mbele. Naye aliingia akaketi kwenye benchi la mlangoni, benchi la wakosaji, ambalo aliyelikalia haruhusiwi kuisogelea meza ile. Mikono yake ilifaa kutoa madoa ya divai. Divai yenyewe ndiyo haikumfaa. Kama hilo halikuudhi, basi una moyo mpana kuliko wangu.

Kosa lake lilikuwa la zamani. Alipata mimba kabla ya ndoa, na aliyempa mimba akaingia mitini. Mzee wa kanisa aliyesimamia nidhamu, ambaye watu walimwita Mzee Msumeno kwa kupenda kusema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, alikwenda kwa mama yake Mama Pasi na kumwagiza amfukuze binti nyumbani hadi atubu. Yule mama alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpa mgeni kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtoto akikunyea mkononi huukati mkono. Kwa jibu hilo naye akapelekwa kwenye benchi, kosa lake kuhifadhi dhambi. Wakakaa pale bega kwa bega, mama na mwana, miaka nenda miaka rudi.

Mama huyo alipofariki alikuwa bado hajafunguliwa adhabu ya kanisa. Mzee Msumeno akamkataza mchungaji asiende makaburini na kwaya isiimbe. Mchungaji, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutikisa kichwa kama mjusi, akatikisa kukubali. Marehemu akazikwa kimyakimya, majirani wawili watatu wakiwa wameinamisha vichwa. Tangu siku ile, watu walipomuuliza Mama Pasi kwa nini bado anakwenda kanisa lile, aliwajibu kwamba hana ugomvi na Mungu. Anangoja siku watakayokwenda kumwimbia mama yake. Hakutaka kingine.

Halafu tumbo likachomoza nyumbani kwa Mzee Msumeno mwenyewe. Binti yake kitindamimba, mwimbaji wa mstari wa mbele, hakuwa na mume wala mchumba anayetajika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzee, ambaye maisha yake yote hakuona katika Maandiko ila viboko, ghafla akagundua kuna rehema. Alihubiri juu ya lile jiwe la kwanza ambalo hakuna aliyestahili kulitupa. Akalia, akatoa leso, akalia tena. Benchi la mlangoni, akasema, halikuwa mpango wa Mungu. Nani aliliweka pale hakusema. Ungedhani liliota lenyewe kama uyoga.

Ila alihitaji sababu isiyokuwa na tumbo. Katikati ya wiki yeye na mchungaji walifika kwa Mama Pasi, wakamkuta anapuliza makaa, wakamvika kilemba cha ukoka. Kanisa limeguswa na uvumilivu wake. Benchi linaondolewa kwa ajili yake. Jumapili asimame atoe ushuhuda. Mama Pasi akauliza, na mama yake je?

"Dada yangu, marehemu tumwachie Mungu," akasema Mzee. "Tusifukue yaliyopita."

"Siku ile hamkumwachia Mungu," akajibu Mama Pasi. "Mliniachia mimi."

Mzee alitazama saa yake, akasema basi wataonana Jumapili. Watu wa namna hii wamezoea mno kusikilizwa, hata hudhani mnyonge akipewa kipaza sauti hana la kusema ila asante.

Jumapili akapewa. Alikishika kwa mikono miwili, akasema anashukuru, ila ana ombi dogo. Makaburi yako hapo nyuma tu. Kwaya itoke sasa hivi ikamwimbie mama yake japo ubeti mmoja, ndipo yeye ataamini hiyo rehema.

"Mama yangu alifanya alichofanya Mzee wetu mwaka huu," akasema. "Hakumfukuza mtoto wake. Tofauti ni kwamba yeye aliadhibiwa."

Mzee Msumeno akainuka mbio, akamnyang'anya kipaza sauti huku meno yote yako nje, akaomba kanisa zima lisimame liimbe wimbo wa furaha. Na kwaya, Mungu awasamehe maana mimi siwezi, ikaimba. Walikatazwa kumwimbia mama, wakatii. Sasa waliambiwa waimbe ili mtoto asisikike, wakatii tena.

Mama Pasi akatoka. Alipofika kaburini, katika nyimbo zote alizozisikia toka utotoni hakuna hata moja iliyomjia. Alisimama tu, hasira imemjaa. Ndipo akasikia nyayo. Alikuwa binti wa Mzee, joho la kwaya amelikunja mkononi. Akapiga magoti polepole, maana tumbo lilimzuia.

"Mama, niimbe upi?" akauliza.

"Wowote. Ila uimbe kwa sauti."

Akaimba. Kanisani wimbo ulikuwa umekwisha, na sauti ya Mzee ikatoka kwenye spika ikimwita binti yake arudi. Kwanza alimwita kwa upole, kama baba. Kisha akamwita kwa ukali. Mwisho, akisahau kwamba kanisa zima linamsikia, akamwambia asiporudi sasa hivi asikanyage tena nyumbani kwake.

Binti akanyamaza katikati ya ubeti. Mama Pasi akachuchumaa, akamshika mkono.

"Maliza wimbo," akamwambia. "Halafu twende nyumbani."